Damu Niliyoipa Jina la Rael

Sikuenda Kabianga kutafuta mtu. Nilienda kumpigia vigelegele mpwa wangu aliyekuwa akihitimu ualimu, na kama ilivyo kawaida ya mahafali, tulikaa hemani tangu asubuhi tukisomewa majina ya watoto wa watu wengine. Kufikia saa saba nilikuwa nimevua viatu chini ya kiti na nimeanza kuwachukia wote waliosoma. Ndipo mwanamke wa mstari wa mbele, leso ya kijani imefungwa hadi kwenye nyusi, alipogeuka kuomba chupa ya maji ipitishwe. Nikamnyooshea. Hakuipokea. Alikuwa anatazama mikono yangu. "Wewe ni Atieno," akasema. "Atieno wa damu." Sikuwa nimeitwa hivyo kwa miaka mingi, na waliokuwa wakiniita hivyo walikuwa watu wa kliniki moja tu. Akaisukuma leso nyuma nikamwona vizuri. Alikuwa Zeddy wa Sosiot, mdogo wake Rael. Alikuja kumwona Faith, kitinda mimba wa Rael, akipewa digrii, kwa sababu Rael mwenyewe hayupo. Nilijua hayupo. Habari za kifo chake zilinifikia zamani, wiki ileile alipokufa, na sikwenda mazishini. Nilimwambia aliyenipigia simu kwamba niko zamu, na haikuwa kweli.

Tulitoka hemani tukaenda kunywa soda nyuma ya jengo la maktaba, na hapo Zeddy aliniambia maneno machache ambayo nitayaandika mwisho, maana ndiyo yaliyonikalisha kwenye meza hii. Yakitangulia hayataeleweka. Ni lazima kwanza niueleze mwaka ule wa kliniki, na niueleze bila kujipamba, kazi ambayo nimeiahirisha kwa bidii kuliko kazi nyingine yoyote niliyowahi kupewa.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, mtu wa maabara kwa mkataba wa mwaka mmoja katika kliniki ya ini, kwenye hospitali moja mjini Kericho ambayo sina haja ya kuitaja. Wagonjwa wetu walikuwa na homa ya ini aina ya C, ile sugu, inayokaa mwilini miaka na mikaka ikilila ini polepole huku mwenyewe anachuma chai kama kawaida. Siku hizi inatibiwa kwa vidonge vya miezi michache na mtu anapona huku anaendelea na shughuli zake. Wakati ule dawa ilikuwa sindano kila wiki kwa karibu mwaka mzima, pamoja na vidonge asubuhi na jioni, na sindano yenyewe ilimtetemesha mtu kwa homa, ikamnyima hamu ya chakula, ikamtia huzuni asiyoijua ilikotoka. Baada ya mateso hayo, wengine walipona na wengine hawakupona. Kazi ya kliniki yetu ilikuwa kuwatibu, kisha kuwatazama hao ambao hawakupona na kujibu swali moja: wakipewa dawa mara ya pili, nani ataitikia?

Swali hilo alikuwa nalo Daktari Mbithi kuliko sisi wote. Alikuwa mtu mpole, mwembamba, aliyekula viazi vitamu vya kuchemsha kila mchana katika chumba changu kwa sababu, alisema, ofisi yake ina baridi. Chumba changu kilikuwa stoo ya mashuka kabla ya kugeuzwa maabara. Kilikuwa na friji yenye kufuli, kiti cha kutolea damu chenye mkono mmoja, na dirisha lililotazama chai iliyoteremka hadi mtoni. Kila alasiri mvua ilipiga mabati mpaka tukaongea kwa kupaza sauti kama watu waliogombana. Ni katika kelele hizo alinifundisha karatasi yake. Ilikuwa ukurasa mmoja wa maswali na alama: umri, hali ya ini, wingi wa virusi, aina ya virusi, na swali la mwisho lililobeba alama nyingi kuliko mengine yote kwa pamoja. Mara ya kwanza ilikuwaje? Kama virusi vilitoweka kisha vikarudi, mgonjwa alipata alama nzuri. Kama hakupata dawa yake yote, kwa sababu yoyote, alipata alama za katikati, maana hakuna aliyejua dawa kamili ingemfanyia nini. Lakini kama alipata dawa yote na virusi havikushuka, alama zake ziliporomoka, na zikiporomoka hakuna kitu kingeziinua. "Mwili wa huyo umeshatuambia jibu," Daktari alisema. Kisha akamenya kiazi, akaongeza, "Shida ni kwamba karatasi hii inaamini kila tunachoiambia. Kwa hivyo wewe, Atieno, ndiye macho yake."

Nilivimba kichwa. Siwezi kusema vingine. Nilikuwa msichana wa laini, nyumba za wafanyakazi wa mashamba ya chai, niliyezoea kuitwa "mtoto wa wale wa ziwa", na sasa daktari mzima ananiambia mimi ni macho. Nilianza kuwatazama watu kwa alama. Nikimwona mzee anaingia mlangoni nilikuwa nimeshamkadiria kabla hajaketi, na mara nyingi nilikuwa sahihi, na kila nilipokuwa sahihi nilizidi kujipenda.

Niliishi Sosiot, chumba kimoja nyuma ya kinu cha kusaga mahindi, pamoja na Kwamboka, muuguzi wa wodi ya wazazi, Mkisii mwenye mdomo mkali na roho safi. Unga uliingia kila mahali. Tulilala na unga, tukaamka na unga kwenye nyusi. Jioni yeye alipika mboga chungu za kwao na mimi nikakaanga omena, dagaa wa kwetu, na tukagombana kuhusu harufu kwa bidii ya watu wasio na televisheni. Karibu na kinu kulikuwa na kituo cha kununulia majani ya chai, na Jumamosi nilipenda kusimama hapo nikingojea maziwa, nikisikiliza watu wakiongea.

Hapo ndipo nilipowaona kwanza Rael na Zeddy pamoja. Rael nilimfahamu tayari. Alikuwa mgonjwa wetu, amefika wiki ya nne au ya tano ya sindano zake, mama wa miaka arobaini hivi, mrefu, na Faith mgongoni. Zeddy sikumjua, lakini huhitaji kuambiwa kwamba hao ni ndugu. Walifanana hadi mwendo. Karani wa mizani alimwuliza Zeddy namba ya mkulima. Akataja namba, karani akaandika bila kuinua macho, majani yakamwagwa na ya wengine. Kisha Rael akaweka kapu lake, akataja namba ileile. Nilicheka. Rael akanigeukia, akacheka pia.

"Unashangaa nini, daktari? Huyu shamba yake bado haijapata namba. Anapitishia kwa yangu."

"Na karani anajua?"

"Ako na macho, si ako? Kila mtu hapa anajua. Majani ni majani."

Hakukuwa na la kushangaza hapo, na mimi ndiye niliyepaswa kushangaa kidogo kuliko wote. Kule nilikokulia, kwenye laini, mtu akiugua ndugu yake alichuma kwa namba yake ili kazi isipotee. Namba ilikuwa kama mlango wa nyumba: wa mmoja kwa jina, wa wote kwa kupita. Sikuona jambo lolote la hospitali ndani yake. Nilichukua maziwa yangu nikaenda zangu.

Wiki mbili baadaye Daktari alinituma nyumbani kwa wagonjwa kukagua vidonge. Kwa Rael nilifika saa sita, na huwezi kufika kwa Mkipsigis saa sita ukaondoka bila kula. Jikoni mwake mlikuwa na moshi mwembamba na usafi mkubwa. Alinipa kimyet, ugali wa kwao ulio mgumu hata unauma mkono, na mursik kutoka kwenye kibuyu, maziwa mazito yenye rangi ya jivu ambayo Mjaluo hujifunza kuyapenda au hujifunza kudanganya. Mimi niliyapenda kweli. Nikamwomba vidonge. Akainuka, akashusha kutoka rafuni kopo la majani ya chai. Nyuma yake lilikuwepo kopo jingine, limefungwa uzi mwekundu. Nikahesabu vilivyomo katika la kwanza; hesabu haikuja. Akaleta la pili. Nikajumlisha. Hesabu ikaja sawasawa, hakuna kilichozidi wala kupungua.

"Mbona makopo mawili, mama?"

"Hiyo ingine ni ya Zeddy kuniwekea," akasema. Kisha akamimina mursik tena, ijapokuwa bakuli langu halikuwa tupu.

Jibu lile halikuwa jibu. Nililisikia likipita, nikaliacha lipite. Wakati nafunga begi akaanza kunieleza, bila kuulizwa, jinsi yeye na Zeddy walivyougua. Walipokuwa wasichana, alikuja mtu aliyezunguka vijijini na sindano moja, anadunga watu malaria, anadunga watu mgongo, anadunga chochote. Mama yao aliwapeleka wote wawili asubuhi moja. "Alianza na mimi, halafu yeye," Rael alisema. "Sindano ilikuwa hiyo hiyo. Sasa dawa imekuja, mnasema ni ya mmoja." Zeddy alikuwa amepimwa kliniki kwetu kabla sijaajiriwa, akakutwa na virusi, akaambiwa orodha imejaa, angoje. Nilimwambia Rael kwamba angoje kweli, nafasi zitakuja. Niliandika kwenye ripoti: *vidonge sawa*.

Siku ya sindano kliniki ilikuwa na benchi refu varandani, na wauguzi wa kudunga walibadilishwa kila mwezi, hivyo mgonjwa alijulikana kwa kadi yake tu. Siku moja nilikuwa nimeegemea mlango nikinywa chai nikasikia wanawake wawili nyuma ya nguzo. Mmoja akauliza, "Leo ni ya nani?" Mwingine akajibu, "Ya wiki jana ilikuwa yangu, leo ni yako. Chukua kadi." Sikuchungulia. Ningechungulia ningejua, na nikijua ningetakiwa kufanya jambo. Nilirudi ndani nikapanga chupa ambazo zilikuwa zimepangwa tayari.

Kisha ikaja wiki ya kumi na mbili, wiki ya hukumu. Damu ya wiki hiyo ndiyo iliyoonyesha kama virusi vinashuka. Visiposhuka, sindano zilisimamishwa, maana hakukuwa na sababu ya kumtesa mtu bure. Kadi ya Rael ikaingia na mwanamke mwenye leso imeshuka hadi kwenye nyusi. Akaketi, akanyoosha mkono wa kushoto kama Rael alivyozoea. Sasa, mtu anayetoa damu hasahau mishipa. Nyuso nasahau, majina nasahau, lakini mshipa nilioutafuta kwa shida haunitoki. Mshipa wa Rael wa mkono wa kushoto ulikuwa unajificha. Nilikuwa nautafuta kwa kidole, nampasha mkono kwa maji ya moto, namwomba msamaha mara mbili tatu. Mkono ule wa leo, nilipofunga tu mpira, mshipa ulisimama mnene na wazi, nikaingia mara moja. Niliinua macho. Zeddy alikuwa ananitazama. Hakukwepa, na mimi sikukwepa, na chupa ikawa inajaa kati yetu. Ilikuwa na nafasi ya mtu kusema. Ningeweza kuuliza tu, "Jina lako nani?" Nilichomoa sindano, nikampa pamba ashikilie, nikachukua kalamu nikaandika kwenye chupa: *Rael Chelangat*.

Jioni ile nilimweleza Kwamboka yote. Alikuwa anachambua mboga. Aliacha.

"Umeandika?"

"Nimeandika."

"Basi funga mdomo. Ukisema sasa, wale wawili wanafukuzwa, na wewe ni wa tatu. Mkataba wako unaisha lini?"

"Desemba."

"Sasa unataka nini tena? Kwani wewe ndiye uliwaambia wagawane?"

Kwamboka alinipenda, na ushauri wake ulikuwa wa mtu anayekupenda. Simlaumu. Nilikuwa nimeenda kwake kwa sababu nilijua atasema hivyo. Ningetaka kusikia lingine ningeenda kwa Daktari.

Majibu yalirudi: virusi vingi, havijashuka. Vingeshukaje? Zeddy alikuwa amepata nusu ya sindano na nusu ya vidonge. Rael naye alikuwa amepata nusu nyingine, na damu yake haikupimwa kabisa, kwa hivyo hakuna mtu duniani aliyejua ilikuwa inasema nini. Wao walifikiri kama watu wa kituo cha chai: namba moja, makapu mawili, kila mmoja anapata kidogo, kisha zikija nyingine wanamalizia. Hawakujua kwamba dawa ile haikubali kugawanywa hivyo. Mimi nilijua, na ndiyo tofauti kati yetu. Kwenye faili la Rael paliandikwa, kwa mwandiko wangu mzuri, kwamba alipata dawa yote na hakuitikia. Sindano zikasimamishwa. Nilijiambia kwamba angalau amepumzika na homa.

Mwezi wa tisa dawa za awamu ya pili zikafika, za kuwatosha watu wanane. Kozi ilikuwa ndefu zaidi, na ilikuwa ya wale tu walioshindikana mara ya kwanza. Rael alikuja siku hiyohiyo aliposikia. Alikuwa amekonda kidogo, na uchovu ambao asiyezoea asingeuona. Tulijaza karatasi yake mimi na Daktari chumbani kwangu, mvua ikipiga. Umri, sawa. Ini, si mbaya sana. Aina ya virusi, ya kawaida kwetu. Tulipofika swali la mwisho Daktari alisimama na kalamu yake hewani.

"Huyu mama simwelewi," akasema. "Kila kitu chake kinasema angeitikia. Halafu haitikii hata kidogo. Atieno, kuna jambo lolote kuhusu huyu ninalopaswa kujua?"

Nimejibu swali hilo mara nyingi tangu siku hiyo, nikiwa naoga, nikiwa napika. Namwambia: Daktari, mweke katikati, hakupata dawa yake yote, na ile damu si yake. Ni sentensi moja. Ingemtoa chini ya mstari wa kupewa dawa ikamweka juu, kwa sababu kila alama nyingine alikuwa nazo. Lakini siku hiyo niliona chupa yenye mwandiko wangu, nikaona Desemba, nikaona pia jinsi uso wake utakavyobadilika akigundua kwamba macho ya karatasi yake yalikuwa yamefumbwa makusudi. Kusema kweli, hilo la mwisho ndilo lililonishinda. Niliogopa kushuka machoni pake kuliko nilivyoogopa Rael afe. Nikasema, "Hakuna, Daktari." Akaandika.

Ni mimi niliyetumwa kumweleza Rael. Alikuwa ameketi kwenye benchi la varandani, Faith amelala mapajani pake na makombo ya andazi shavuni. Nilimwambia kwamba karatasi imeonyesha dawa haitamsaidia, na si vizuri kumtesa tena. Nilitumia sauti ya hospitali, ile laini isiyo na mtu ndani. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza polepole, "Hakuna kitu imebaki ya kuandika hapo?"

"Hakuna, mama."

"Hakuna kabisa?"

"Tumeandika yote."

Akasema "Kongoi," asante ya kwao, akamfunga mtoto mgongoni akaondoka. Niliiona asante ile kama heshima ya mtu aliyeridhika. Nilirudi ndani nimepumua.

Nafasi yake ilienda kwa mwalimu mmoja wa Sigowet, naye akapona kabisa, na siku virusi vyake vilipotoweka alituletea jogoo. Wengi wa wale wanane waliitikia. Daktari Mbithi alifurahi kwa aibu yake ileile, akasema karatasi imefanya kazi. Nilipiga makofi pamoja na wenzangu. Ilichukua miaka kabla sijaona uovu uliokuwa ndani ya makofi yale: karatasi haikuweza kushindwa kwa Rael, kwa sababu aliyetabiriwa kutoitikia hakupewa dawa ya kuukanusha utabiri. Alipokufa miaka minne baadaye, tumbo limejaa maji, faili lake lilionekana sahihi. Mkataba wangu ulikuwa umeongezwa mara mbili kufikia hapo. Miaka mitatu baadaye, vidonge vipya vikafika hadi kwetu, na Zeddy akawa kati ya wa kwanza kupewa, akapona. Daktari alikuwa amehamia kwao Ukambani. Alistaafu, kisha nikasikia naye ametangulia. Sikumwandikia hata barua.

Nimekuwa mtoa damu mwangalifu tangu hapo. Kabla sijagusa kalamu namwuliza kila mtu jina lake, hata dada yangu wa kuzaliwa, hata mtu niliyemwona jana. Wanafunzi wangu hunicheka wakidhani ni uzee. Nilikuwa nimejiambia kwamba huo ndio ulipaji wangu, na kwamba siri yenyewe ilikuwa yangu na Kwamboka tu. Nilidhani Zeddy aliona mtu wa maabara aliyechoka, ambaye hakutambua mkono. Kwa miaka ishirini nilikaa juu ya dhana hiyo nikiiona imara.

Nyuma ya maktaba, Kabianga, Zeddy alimaliza soda yake. Kule hemani walikuwa bado wanasoma majina. Nilimpa pole kwa ajili ya Rael, pole ya miaka kumi na sita iliyochelewa. Aliitikia kwa kichwa.

"Ile siku ulinitoa damu," akasema, "nilirudi nyumbani nikaambia Rael, yule msichana ameona. Ameona kabisa. Mimi nikasema tusiende tena, watatushika. Rael akakataa. Akasema, ameona na hajapiga kelele, huyo ni mtu mzuri. Anatafuta njia ya kusema bila kutuumiza. Tumpatie nafasi."

Niliiweka chupa yangu ya soda chini.

"Ndio maana alikuuliza. Ile siku ya benchi. Alikuuliza mara mbili."

"Mbona hamkusema nyinyi?" Nilipolisikia swali langu nililionea aibu, lakini lilikuwa limetoka.

"Sisi tungesema, tungekuwa wezi wa dawa. Wewe ungesema, ungekuwa umesahihisha karatasi." Hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa nayo. "Hata akiwa amelala kitandani, maji imejaa, gari ikipita barabarani alikuwa anauliza, huyo si Atieno? Alisema utakuja. Mimi ndiye nilichoka kungoja. Yeye hakuchoka."

Nililia pale, mwanamke mzima mwenye viatu mkononi, watu wakidhani ni furaha ya mahafali. Zeddy aliniacha nilie. Faith akaja na joho lake jeusi, mrefu kama mama yake, akanisalimia kwa mikono miwili na kuuliza mimi ni nani. Zeddy akamjibu, "Huyu alikuwa anamtoa mama yako damu." Msichana akatabasamu, akanishukuru. Akanishukuru! Kisha akaitwa kwenye picha. Nikamwuliza Zeddy anataka nifanye nini, nimwambie mtoto au ninyamaze, nirudi kule hospitali au nisirudi, maana nilikuwa tayari kwa lolote, na utayari huo, najua, umekuja wakati ambao haunigharimu chochote. Alifunga leso yake upya, akaishusha hadi kwenye nyusi kama siku ile.

"Andika ile kitu ilibaki," akasema. "Faith anajua kusoma."

Basi naandika. Damu ya wiki ya kumi na mbili haikuwa ya Rael Chelangat. Rael alipata nusu ya dawa yake, nusu nyingine akampa mdogo wake, na hakuna aliyewahi kupima kama yeye angeitikia. Alistahili kuwekwa katikati. Nililijua hilo siku ileile, kalamu ikiwa mkononi mwangu.